Mfanyakazi anataka nini kwa meneja wake? Nadai ni uamuzi kwa wakati, mengine yanafuata

#1 Mshika Kalamu

Wakuu, salamu.

Kila ofisi ina dodoso lake la kuridhika kazini. Kila mwaka majibu yanageuzwa grafu za rangi, kikao kinaitishwa, watu wanapiga makofi, basi. Naleta dai mlichane: kitu cha kwanza anachohitaji mfanyakazi kwa meneja wake ni uamuzi unaotoka kwa wakati. Ucheshi na kukumbuka majina ya watoto wa watu ni mambo mazuri, ila hayamsaidii mtu ambaye ombi lake limelala mezani wiki ya tatu.

Angalieni vinavyokwama zaidi: likizo, kitendea kazi kilichoharibika, na kazi mbili zilizotolewa na wakubwa wawili kwa tarehe moja. Kwa yote matatu mara nyingi meneja hahitaji bajeti mpya wala semina. Anahitaji kusema ndiyo, hapana, au "jibu utalipata Alhamisi". Aliyekataliwa likizo Jumatatu bado ana nafasi ya kubadilishana na mwenzake au kusogeza safari. Aliyeambiwa "tutaangalia" hana la kufanya zaidi ya kungoja. Akingojeshwa mara mbili tatu anaacha kuomba, halafu anaugua ghafla siku ile ile aliyokuwa anaitaka.

Kipimo changu: siku 2 za kazi kwa ombi la kawaida. Likishindikana, toa tarehe ya jibu na uiheshimu. Karibuni.

#2 Nyundo Nzito

Pesa. Uzi ufungwe.

#3 Bibi Takwimu

Nyundo, hata chai haijachemka unataka kufunga.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1946 huko Marekani wafanyakazi wa viwandani walipewa mambo 10 wayapange kwa umuhimu. Namba 1 waliweka kuthaminiwa kwa kazi waliyoifanya, namba 2 kushirikishwa katika yanayoendelea. Mshahara mzuri ulikuwa wa 5. Wasimamizi wao walipoulizwa "unadhani watu wako wangepanga vipi?", wakaanza na mshahara. Kenneth Kovach aliurudia utafiti huo mwaka 1981 na 1986. Safari hii wafanyakazi wakaanza na kazi yenye kuvutia, na wasimamizi wakabaki pale pale kwenye mshahara.

Kwa hiyo wewe Nyundo unajibu kama msimamizi.

#4 Nyundo Nzito

Nimetukanwa kitaalamu 😂

Lakini dada, ukiniuliza kwenye karatasi nitasema nathamini heshima. Ukinipa barua ya kazi sehemu nyingine yenye mshahara mara moja na nusu, heshima nitaikuta hukohuko.

#5 Mzee wa Mizania

Nyundo ametania ila amegusa penyewe. Sara Rynes na wenzake waliandika mwaka 2004 kuhusu pengo hilo hilo: watu wakijibu madodoso huushusha mshahara chini ya uzito unaoonekana katika yale wanayoyatenda. Orodha ya 1946 inatuambia watu wanasema nini. Haituambii watafanya nini mkataba mwingine ukiwekwa mezani.

Upande wa pili, mshahara ukishapanda hauleti furaha kwa kiwango ambacho wengi wanakitarajia. Timothy Judge na wenzake walijumlisha tafiti nyingi mwaka 2010 wakakuta uhusiano kati ya kiwango cha mshahara na kuridhika na kazi upo, lakini ni mdogo. Yaani mshahara unaweza kumhamisha mtu bila kumfanya apende anakokwenda. Mambo hayo mawili msiyachanganye.

#6 Jicho Kavu

Mwanasaikolojia Frederick Herzberg alishamaliza kesi hii 1959. Alihoji wafanyakazi wa viwandani, akaona mshahara, sera na usimamizi vikikosekana vinakera, vikiwepo havimpi mtu ari. Ari inatokana na mafanikio, kutambuliwa na kazi yenyewe.

#7 Bibi Takwimu

Sahihisho kwa #6: Herzberg na wenzake walihoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 eneo la Pittsburgh. Siyo watu wa mashine. Na njia yake ililaumiwa sana baadaye: ukimwuliza mtu akueleze wakati alioipenda kazi yake, atazungumzia alichokifanya yeye. Ukimwuliza wakati aliochukia, atamtaja bosi na sera. Binadamu ndivyo tulivyo, sifa zetu, makosa yao. Kwa hiyo ule mgawanyo wake wa makundi mawili huenda umetokana na swali lenyewe.

#8 Jicho Kavu

Nimepokea. Wahandisi basi.

#9 Kaimu Milele

Tuache vitabu kidogo, tuulize: meneja wa kawaida, asiyepanga mishahara, anaweza kufanya nini kuhusu pesa? Mengi. Ovataimu ni mfano.

Tuseme malipo yanafungwa tarehe 20. Fomu za ovataimu zinapaswa kuwa na sahihi ya meneja kabla ya hapo. Meneja amesafiri, anasaini tarehe 24. Saa za watu wote zinaruka mwezi mzima. Mfanyakazi akiona hati ya mshahara imepungua anakwenda kugombana na wahasibu, wahasibu wanamwonyesha tarehe ya sahihi. Hapo utaniambia tatizo ni mshahara mdogo? Mshahara ulikuwepo.

Dawa yake ni rahisi na inachosha, ndiyo maana haifanyiki:
- saa zinaandikwa siku hiyo hiyo, na mfanyakazi anabaki na nakala
- meneja anasaini kila Ijumaa, hasubiri mwisho wa mwezi
- siku 3 kabla ya kufungwa malipo anayeshughulikia fomu anapitia majina yote, hata ya wale wasiodai
- meneja akisafiri, mwenye kukaimu awe na mamlaka ya kusaini kwa maandishi, maana wahasibu hawatambui "bosi aliniambia"

Hilo la mwisho likikosekana, ndilo linalovunja yote ya juu.

#10 Mzee wa Mizania

Naongeza kwenye #9. Hata pesa inapopungua, namna ya kusema ina uzito wake. Jerald Greenberg alichapisha mwaka 1990 utafiti wa viwanda ambavyo mishahara ilikatwa asilimia 15 kwa wiki 10 baada ya kampuni kupoteza mikataba. Kiwanda kimoja kilipewa maelezo kamili, hesabu zikaonyeshwa, viongozi wakaonyesha kusikitika kwa dhati. Kingine kikapewa maneno machache. Makato yalikuwa yale yale, ila wizi wa mali ya kiwanda ulikuwa mkubwa zaidi pale pasipoelezwa vizuri.

#11 Nyundo Nzito

Kwa hiyo maelezo yanapunguza wizi. Ongezeko la mshahara lingepunguza zaidi. Naendelea kusimama nilipo.

#12 Zamu ya Alfajiri

Mnabishana kama watu wanaotoka kazini saa 10 jioni. Kwa wa zamu, swali la kwanza ni ratiba.

Mtu anafunga saa 4 usiku, kesho anafungua saa 12 asubuhi. Kwenye karatasi ni saa 8 za kupumzika. Toa saa 1 ya kwenda na saa 1 ya kurudi, zinabaki 6 za kula, kuoga, kuongea na watu wa nyumbani na kulala. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya muda wa kazi ya mwaka 2003 inataka mapumziko ya saa 11 mfululizo katika kila saa 24. Hata pasipo na sheria ya namna hiyo, meneja anayepanga ratiba anaweza kujiwekea mpaka huo mwenyewe, na haugharimu chochote zaidi ya kupanga kwa makini.

Ratiba itolewe siku 14 kabla. Ikishatoka, mabadiliko ni kwa ridhaa ya mhusika. Na kubadilishana zamu kuwe na daftari moja tu. Humo yaandikwe majina ya wote wawili, tarehe, saa, na nani anashika funguo, kisha sahihi ya msimamizi. Ajali ya kawaida ni hii: wawili wamekubaliana kwa simu, mmoja anaamini wamebadilishana Jumamosi moja, mwenzake anaamini ni zote mbili. Jumamosi ya pili hakuna mtu mlangoni, na wote wawili wanapata barua ya onyo wakati hakuna hata mmoja aliyekusudia kukosa.

#13 Mshika Kalamu

Zamu, hiyo yako inaunga mkono hoja yangu. Ratiba ni uamuzi unaotolewa mapema.

#14 Zamu ya Alfajiri

Hapana mkuu, usinivute kwako. Uamuzi wa haraka lakini mbaya bado ni mbaya. Ninachokitaka mimi ni kutabirika. Kuna mameneja wanaoamua ndani ya dakika 5 na kubadilisha baada ya 10.

#15 Funguo za Stoo

😂 Huyo wa dakika 10 tunamjua sote.

#16 Mama Mizani

Wapendwa, kuna kitu kinatangulia yote haya: mtu kujua anachotarajiwa kufanya. Gallup, kampuni ya kura za maoni, wana dodoso lao maarufu la maswali 12. La kwanza linauliza kama unajua unachotarajiwa kazini. La pili, kama una vitendea kazi vya kuifanya kazi yako vizuri. Sifa zinakuja baadaye.

Kazi nyingi zinaharibika zikiwa bado mdomoni mwa meneja. "Naomba ile ripoti haraka." Ripoti ipi? Haraka ni leo? Kurasa ngapi, na nani atasoma? Mtu anakesha anaandika kurasa 15, kumbe bosi alitaka jedwali moja la kumwonyesha mkurugenzi kwenye simu.

Ukikabidhi kazi, sema matokeo unayotaka yaonekane vipi, siku na saa (siyo "wiki hii"), mipaka ya muda na fedha, maamuzi ambayo mhusika anaruhusiwa kufanya bila kukuuliza, na lini mtaangalia pamoja kabla haijaiva. Hilo la mwisho liweke karibu na mwisho wa theluthi ya kwanza ya muda. Kazi ya siku 9, kagua siku ya 3. Ukikagua siku ya 8 unakuwa mkaguzi tu, na kilichopinda kimeshakauka. Baada ya hapo mwombe arudie kwa maneno yake alivyoelewa. Usiulize "umeelewa?", kila mtu atasema ndiyo.

#17 Jicho Kavu

Kumwambia mtu mzima arudie maelekezo kama mwanafunzi? Mwenye uzoefu wa miaka 15 atakuona unamdharau.

#18 Mama Mizani

Kwa mwenye uzoefu unageuza swali: "utaanza na lipi, na unaona wapi patakwama?" Utapata jibu lile lile, na pengine atakuonyesha shimo ambalo wewe hukuliona.

#19 Jicho Kavu

Hiyo naikubali.

#20 Karakana

Mimi nataka meneja aniache nifanye kazi. Hoja ya uhuru naona mnaizunguka.

Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba kinachomvunja mtu hasa ni madai makubwa ya kazi yakikutana na uwezo mdogo wa kuamua jinsi ya kuifanya. Madai makubwa pamoja na uwezo wa kuamua, mtu anaweza hata kukua. Halafu kuna zile tafiti za Whitehall kwa watumishi wa serikali London, ambazo zilikuta wakubwa wenye majukumu mengi ndio wanaokufa zaidi kwa moyo, sababu ya presha ya maamuzi.

#21 Bibi Takwimu

Karakana, umegeuza. Whitehall ilikuta kinyume chake: vifo vya ugonjwa wa moyo vilikuwa vingi zaidi kwa watumishi wa madaraja ya chini. Utafiti wa kwanza ulianza 1967, wa pili 1985 ukiwa na watumishi zaidi ya 10,000, wanaume kwa wanawake. Huo wa pili ndio uliohusisha kukosa udhibiti wa kazi na magonjwa ya moyo. Kosa lako linaipa hoja yako nguvu, hongera.

#22 Karakana

Asante. Nitakuwa nakosea hivi hivi mara kwa mara.

Sasa kwa vitendo. Uhuru bila mipaka ni mtego. Meneja anasema "amua mwenyewe", ukiamua anakuuliza nani alikuruhusu. Karatasi moja yenye safu 3 inamaliza ugomvi:

Safu ya kwanza, *amua, usinijulishe*: kupanga mfuatano wa kazi za siku, kubadilisha kipuri cha kawaida kilichoko stoo, kumrudishia mteja kiasi kisichozidi kiwango kilichoandikwa.
Ya pili, *amua, kisha nijulishe siku hiyo*: kusimamisha mashine, kumhamisha mtu kutoka meza moja kwenda nyingine, kukubali mzigo uliochelewa.
Ya tatu, *niulize kwanza*: chochote chenye mkataba mpya, kinachogusa usalama, au kinachovuka kiwango cha fedha.

Mnaijaza pamoja, mnaipitia kila miezi 3, na mambo yanasogea kutoka safu ya tatu kwenda ya kwanza kadiri mtu anavyoonyesha uwezo. Zingatia mwelekeo: karatasi ambayo mwaka mzima hakuna kilichosogea inaonyesha meneja bado hajakuamini.

#23 Funguo za Stoo

Safu ya kwanza itafutwa siku ya kwanza ya hasara.

#24 Karakana

Ndiyo hapo watu wote wanamwangalia meneja. Hasara ikitokea ndani ya mipaka iliyoandikwa, ni ya meneja. Akiirudisha kwa mfanyakazi, kuanzia kesho kila kipuri kitaombewa ruhusa.

#25 Sindano

Hapo ndipo naingia, upande wa hospitali.

Amy Edmondson, katika utafiti aliouchapisha 1996, alitarajia timu bora za wauguzi ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaja zimegeuka: timu zilizoongozwa vizuri zilikuwa na makosa mengi zaidi *yaliyoripotiwa*. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Kwenye timu za woga makosa yalifichwa.

Mtu anachotaka kwa meneja hapo ni kitu kidogo sana: sekunde 10 za kwanza baada ya kusikia habari mbaya. Zikianza na "nani amefanya?", umeshafunga mdomo wa wodi nzima kwa miezi. Mpangilio unaofaa ni: mgonjwa yuko katika hali gani sasa, nini kimeshafanyika, nani mwingine ajulishwe. Chanzo kinatafutwa baadaye, baada ya mgonjwa kutulia, na kinaanza na mazingira: chupa mbili zenye lebo zinazofanana zilikuwa rafu moja? Agizo lilitolewa kwa mdomo? Zamu ilikuwa na watu pungufu?

Na aliyeripoti arudishiwe taarifa kwamba lebo zimetenganishwa, au hazijatenganishwa kwa sababu fulani. Ripoti isiyorudi na jibu ndiyo ya mwisho utakayoletewa.

#26 Mshika Kalamu

Sentensi yako ya mwisho naomba niitumie.

#27 Sindano

Tumia. Ila naona bado unatafuta ushindi. Mimi nimezungumzia woga, wewe unasikia kasi.

#28 Mzee wa Mizania

Kuna mtu atazungumzia sifa na mrejesho? Dada Takwimu alianza nazo kisha zikapotea.

#29 Mama Mizani

Nachukua hiyo. Kwanza tahadhari: Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichambua tafiti nyingi mwaka 1996 wakakuta kwa wastani mrejesho unasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo ulishusha utendaji. Sababu waliyoipendekeza ni kwamba mrejesho ukivuta macho ya mtu kutoka kwenye kazi kwenda kwenye nafsi yake, anaanza kujitetea.

Kwa hiyo "wewe ni mzembe" imeshapotea njia. "Hongera, wewe ni kichwa" pia imepotea, ingawa inapendeza masikioni. Sema ulichokiona, wapi, na kimeleta nini: "Jedwali la jana lilikuwa na jumla mbili zisizolingana, safu ya 4 na ya 9. Mteja aliligundua kabla yetu. Kuanzia sasa jumla zipitiwe na mtu wa pili kabla halijatumwa." Sifa nazo ni hivyo hivyo: "Ulipompigia msambazaji Jumanne badala ya kungoja barua pepe, tuliokoa siku mbili." Aliyesikia hiyo anajua arudie nini. Aliyeambiwa "kazi nzuri timu" hajui, hasa kama nusu ya timu haikufanya kitu.

#30 Nyundo Nzito

Na ile mbinu ya kuanza na sifa, kupenyeza kosa katikati, kumaliza na sifa?

#31 Mama Mizani

Watu wakishaizoea, kila wakisifiwa wanasubiri pigo. Umeharibu sifa na hujafikisha kosa. Tenganisha.

#32 Funguo za Stoo

Naunga mkono. Ukisikia "kwanza nikushukuru sana kwa juhudi zako", tafuta kiti.

#33 Bibi Takwimu

Tusisahau vikao vya ana kwa ana. Dakika 30 kila wiki au kila wiki mbili, ajenda ni ya mfanyakazi, meneja anaongea chini ya nusu ya muda. Vinaharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, vinageuka taarifa ya kazi ("umefika wapi na hili, umefika wapi na lile"), jambo ambalo lingeandikwa kwa mistari 4. Ya pili, vinafutwa. Kikao kikigongana na kingine, sogeza ndani ya wiki hiyo hiyo. Ukikifuta mara 3 mfululizo umeshamwambia mtu nafasi yake.

#34 Jicho Kavu

Meneja mwenye watu 20, akifanya dakika 30 kila mtu kila wiki, ni saa 5 tu. Inawezekana.

#35 Mzee wa Mizania

20 × 30 = dakika 600 = saa 10. Jicho, leo siyo siku yako.

#36 Jicho Kavu

Kila wiki mbili nilimaanisha 😅

#37 Kaimu Milele

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo halijasemwa. Saa 10 kwenye wiki ya saa 40 ni robo ya muda, kabla ya maandalizi na kufuatilia ahadi. Meneja huyo huyo ana ripoti zake, vikao vya juu, na mara nyingi bado anafanya kazi ya mikono aliyokuwa nayo kabla hajapanda cheo. Watu wanataka muda wake, na muda haupo. Kabla ya kumpeleka semina ya uongozi, hesabu watu walio chini yake. Wakiwa 20 na kazi zao ni tofauti tofauti, weka viongozi wa vikundi 3 au 4 wenye mamlaka ya kweli ya likizo fupi na zamu. La sivyo atabaki kukimbizana na moto, na ninyi mtaendelea kumwita mbaya.

#38 Karakana

Kwamba meneja naye ni mwajiriwa anayetaka kitu kwa meneja wake. Hii sikuitegemea kwenye uzi wa kusema mabosi.

#39 Msomaji Kimya

Wakuu asanteni, nafuatilia. Swali la vitendo: bosi hatoi majibu, hana ubaya ila hatoi. Unamsukuma vipi bila kuonekana huna adabu?

#40 Mshika Kalamu

Mpelekee uamuzi ukiwa umeshaumbika. Ujumbe wa mistari mitano: tatizo kwa sentensi moja, njia mbili, ipi unaipendekeza na kwa nini, inahitaji nini kwake, na tarehe. "Nikipata maelekezo tofauti kabla ya Jumatano saa 6 mchana nitayafuata, vinginevyo nitaanza na njia ya kwanza." Wengi wanakwama kwa sababu wanapelekewa tatizo likiwa bichi.

#41 Sindano

Angalizo kubwa: usitumie "vinginevyo nitaanza" kwa jambo la usalama, la fedha za watu, au lililo safu ya tatu ya Karakana. Hapo ukimya siyo ruhusa. Piga simu, kisha panda ngazi inayofuata, kwa maandishi.

#42 Zamu ya Alfajiri

Na usitume saa 4 usiku. Ufaransa tangu Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zijadiliane nao haki ya kutokupatikana nje ya saa za kazi. Lakini naona wafanyakazi wenyewe wanatumiana usiku kisha wanamlaumu meneja.

#43 Funguo za Stoo

Meneja ndiye anaweka desturi. Akituma usiku na kuandika "siyo haraka", watu wanajibu tu, kwa sababu wamemwona aliyejibu wa kwanza akisifiwa asubuhi. Programu nyingi za barua pepe zina sehemu ya kupanga ujumbe uende saa 2 asubuhi. Kwa dharura taja mtu mmoja wa zamu ya simu kila wiki, mlipe, na andikeni dharura ni zipi: moto, maji, mfumo wa malipo kuzimika, mtu kuumia. Mkurugenzi kutaka takwimu haimo.

#44 Mzee wa Mizania

"Mlipe" umeiweka katikati ya sentensi kama vile ni kitu kidogo.

#45 Nyundo Nzito

MLIPE. Nilisema kwenye #2.

#46 Kaimu Milele

Kwa kuwa Nyundo amerudi kwenye pesa, niweke la kukaimu maana jina langu linanidai. Mtu anapewa kiti cha mkubwa "kwa muda". Miezi inapita, majukumu ni kamili, daraja la mshahara ni lile la zamani. Akiulizia anaambiwa mchakato unaendelea. Hapa nadharia ya usawa ya Stacy Adams ya 1963 inaonekana kwa macho: mtu analinganisha anachotoa na anachopata dhidi ya mwenzake, na akiona pengo atapunguza juhudi au ataondoka.

Kwenye barua ya kukaimu dai vitu 4: tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, posho ya kukaimu, na kitakachotokea tarehe hiyo ikifika bila uteuzi. Cha nne ndicho kinachosahaulika. Bila hicho tarehe ya mwisho inapita kimya kimya.

#47 Mama Mizani

Na ndugu yake kukaimu: mfanyakazi hodari kuongezewa kazi za wavivu kwa sababu "yeye hukamilisha". Meneja anadhani anamwamini. Mwenyewe anaona anaadhibiwa.

#48 Jicho Kavu

Hilo la #47 siyo usawa, ni Mshika Kalamu wa #1: meneja ameshindwa kuamua kuhusu mvivu.

#49 Bibi Takwimu

Mshika Kalamu amepata mfuasi mmoja, na ni Jicho. Sijui kama hiyo ni habari njema kwake.

#50 Kaimu Milele

Kabla hamjaendelea kutaniana: kwenye #46, posho ya kukaimu ihesabiwe kuanzia siku ya kwanza ya kazi, siyo siku barua iliposainiwa. Kati ya siku hizo mbili huwa kuna wiki kadhaa, na wahasibu watafuata tarehe iliyoandikwa kwenye barua.